Nani kamaliza dagaa wa Kigoma?

Ukitaka kuona watu wazima wanabishana kama watoto wa shule, nenda Bangwe uulize swali moja tu: dagaa wamekwenda wapi? Usiongeze neno. Kaa pembeni usikilize. Mmoja atakwambia wamemalizwa na makokoro. Mwingine atasema ni hizi taa za sola, zimezidi, ziwa usiku linawaka kama mji. Wa tatu atasema wabaya ni wavuvi wa ng'ambo, yaani Kongo (na huko ng'ambo nako, sina shaka, muda huu kuna mtu kakaa kwenye gogo anasema wabaya ni sisi). Halafu kutakuwa na mzee mmoja ambaye hasemi kitu, ananyoosha kidole juu tu, na hujui anamwonyesha Mungu au jua.

Mimi ni mtoto wa huko. Kazi ya uandishi imenileta Dar, lakini mama yangu mdogo bado yuko Bangwe na amelea watoto wanne kwa dagaa wa kukausha. Mmoja wa hao watoto, mdogo wangu kabisa kwa kuzaliwa, yuko kwenye kipe cha mjomba. Kwa msomaji ambaye hajafika kwetu: kipe ni ile mitumbwi miwili iliyounganishwa kwa miti, wavu unashushwa katikati, taa zinawashwa, dagaa wanakuja kwenye mwanga, wavu unapandishwa. Siku za mbalamwezi hakuna kazi, maana mwezi unashindana na taa. Kwa hiyo mkiniona naandika habari za dagaa kwa moyo, mjue si habari tu. Ni ugali wa nyumbani.

Mwaka 2024, kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, upande wetu wa ziwa ulifungwa kuvua kwa mara ya kwanza. Ni makubaliano ya nchi nne zenye ziwa hili, yaani Tanzania, Burundi, Kongo na Zambia: miezi mitatu samaki wapumzike, wazaliane. Niliongea na mjomba kwa simu siku za mwanzo mwanzo. Nilitegemea kelele. Hakupiga kelele. Alisema, "Sisi wametufunga, sawa mwanangu. Na jua nalo wamelifunga?"

Nikamuuliza ana maana gani. Akasema zamani kidogo, kwenye mkutano mmoja, alisikia mtaalamu akisema ziwa linapata joto na ndiyo maana samaki wanapungua. Kisha kwenye mkutano mwingine akasikia mtaalamu mwingine akisema samaki wanapungua kwa sababu ya nyavu. "Sasa wewe ndiye msomi. Utwambie ni kipi."

Basi hilo ndilo swali ambalo nimekuwa nalifukuzia. Nimesoma makala za kisayansi ambazo baadhi yake zilinipa usingizi mzuri sana, nimewauliza watu wanaojua, na leo namjibu mjomba hapa hapa, nanyi msikilize.

Tuanze na ziwa lenyewe, maana wengi tumeogelea juu yake tu. Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilometa zaidi ya 670 na kina chake sehemu ya ndani kabisa ni kama meta 1,470. Umri wake unakadiriwa kati ya miaka milioni 9 na 12. Lakini jambo ambalo ni wachache wanalifahamu ni kwamba sehemu kubwa ya maji hayo haina samaki kabisa. Upande wetu wa kaskazini, ukishuka kiasi cha meta 100 hadi 150 hivi, hewa ya oksijeni inaisha. Chini ya hapo ni maji yasiyoweza kumweka hai dagaa wala mgebuka. Kwa hiyo lile ziwa kubwa tunalojisifia, kwa samaki ni ngozi nyembamba ya juu.

Na huko chini ndiko chakula kilikolala. Kila kinachokufa ziwani kinazama, kinaoza, na virutubisho vyake vinabaki kwenye maji ya chini mwaka baada ya mwaka, kama mbolea iliyofungiwa stoo. Mwani, vile vimea vidogo visivyoonekana kwa jicho, vinahitaji mbolea hiyo na vinahitaji jua. Jua liko juu, mbolea iko chini. Vijidudu vinakula mwani, dagaa wanakula vijidudu, migebuka wanakula dagaa, na sisi tunawala wote.

Anayeipandisha mbolea juu ni upepo. Kuanzia kama Mei hadi Septemba upepo wa kusini mashariki unavuma kwa nguvu, unasukuma maji ya juu kuelekea kaskazini, na kule kusini, upande wa Mpulungu, maji ya chini yanapanda kujaza nafasi. Ziwa zima linatikisika polepole kama beseni lililoinuliwa upande mmoja. Hapo ndipo stoo inafunguliwa.

Sasa ingiza joto. Chukua pipa la maji uliache juani tangu asubuhi, halafu saa tisa tumbukiza mkono. Juu ya moto, chini baridi, na hayachanganyiki mpaka uyakoroge. Maji ya moto ni mepesi, yanaelea juu ya yale ya baridi. Kadiri ya juu yanavyozidi kupata joto ndivyo mkono wa kukoroga unavyotakiwa uwe na nguvu zaidi. Ziwa letu ni hivyo hivyo. Juu kuna nyuzi 25 hadi 27, chini kabisa ni nyuzi 23 na ushei. Unaweza kusema tofauti ya nyuzi tatu si kitu. Lakini maji yakishakuwa ya vuguvugu namna hiyo, ongezeko dogo la joto linabadilisha uzito wake kuliko ongezeko hilo hilo kwenye maji ya baridi ya Ulaya. Ndiyo maana maziwa ya kwetu yanaumia kwa joto ambalo wenzetu wangeliona la mzaha.

Tumejuaje kwamba limepata joto? Hapa kuna kisa ninachokipenda. Mwaka 1912 na 1913 Mbelgiji mmoja, Dakta Louis Stappers, alizunguka ziwa hili akikusanya samaki na kuzamisha vipimajoto. Hakuwa anawaza mabadiliko ya tabianchi, neno hilo lilikuwa halijazaliwa. Alipima tu, akaandika. Kati ya samaki aliowapeleka Ulaya alikuwamo mmoja aliyepewa jina na mtaalamu George Boulenger mwaka 1914 kwa heshima yake: Lates stappersii. Ndiye mgebuka. Yaani mgebuka unaomla kwa mawese pale Ujiji anabeba jina la mtu aliyetuachia vipimo vya zamani vya joto la ziwa. Stappers alifariki mwaka 1916 bila kujua kazi yake itatumika kwa nini.

Miaka 90 baadaye watafiti waliyachukua maandishi yale wakayalinganisha na vipimo vipya. Mwaka 2003, kwa kupishana miezi michache, zikatoka makala mbili. Moja ya Piet Verburg na wenzake Robert Hecky na Hedy Kling kwenye jarida la Science, nyingine ya Catherine O'Reilly na wenzake kwenye Nature. Zote mbili zilisema ziwa limepata joto hadi vilindini, maji yamezidi kujigawa matabaka, na kuchanganyika kumepungua. Kundi la Verburg lilikuta mwani wamepungua kuliko walivyopimwa mwaka 1975. Kundi la O'Reilly liliongeza kwamba hata upepo umepoa tangu mwishoni mwa miaka ya 1970, na kutokana na kaboni iliyomo kwenye matope ya chini wakakadiria kwamba uzalishaji wa mwani ulikuwa umeshuka kwa kama asilimia 20, na kwamba hiyo inaweza kuwa na maana ya samaki pungufu kwa kama asilimia 30.

Asilimia 30! Mjomba angesikia hiyo angesema kesi imekwisha, jua lipelekwe mahakamani.

Haikwisha. Kulikuwa na kundi jingine la watafiti lililokuwa limekaa ziwani miaka mingi kwenye mradi wa FAO na Finland ulioanza mwaka 1992, wenye vituo Bujumbura, Kigoma na Mpulungu. Hao walikuwa wamehesabu samaki mwaloni na kupima maji wiki kwa wiki, wakati mwingine risasi zikilia Burundi. Mwaka 2006 Jouko Sarvala na wenzake waliandika wazi wazi kwamba takwimu za samaki wanaovuliwa zinaeleza zaidi mabadiliko ya uvuvi wenyewe kuliko tabianchi. Hoja yao si ya kijinga. Kule kaskazini, meli za uvuvi mkubwa zilianza kuvua tangu miaka ya 1950 na zilivua kwa nguvu. Samaki wakipungua mahali meli zimejazana, utajuaje ni joto na si meli? Na samaki waliofika mwaloni si sawa na samaki walioko ziwani. Wavuvi wakiacha kwenda, takwimu inashuka hata kama samaki wapo.

Nakiri mzozo huo umenifurahisha. Tumezoea kuambiwa "wanasayansi wamesema" kana kwamba ni mtu mmoja aliyevaa koti jeupe. Kumbe nao wanabishana kama pale Bangwe, tofauti ni kwamba wao inabidi waonyeshe daftari.

Shahidi aliyebaki ni matope. Nikiwa mdogo tulikuwa tunawaona wageni vijana, Wamarekani wamechanganyika na Waafrika wa vyuo mbalimbali, wanaenda ziwani na kurudi na mabomba yaliyojaa matope, wanayabeba kama mtoto mchanga. Tulikuwa tunacheka hatuna mbavu. Mtu kavuka bahari kuja kuchota matope! Nimekuja kujua ukubwani kwamba wengi wao walikuwa wa Nyanza Project, mradi wa mafunzo ulioanza Kigoma mwaka 1998 chini ya Andrew Cohen wa Chuo Kikuu cha Arizona. Na matope yale yalikuwa kitabu. Kule chini kusiko na oksijeni hakuna mnyoo wa kuyachimbua, kwa hiyo yanatulia tabaka juu ya tabaka, mwaka juu ya mwaka. Ndani yake kuna mabaki ya mwani, mifupa na magamba ya samaki, hata mafuta ya vijidudu ambayo muundo wake hubadilika kulingana na joto la maji waliyoishi.

Mwaka 2010 Jessica Tierney na wenzake waliyasoma hayo mafuta wakarudi nyuma miaka 1,500. Walikuta joto la maji ya juu mwishoni mwa karne ya 20 halina mfano katika muda huo wote, na kila ziwa lilipopata joto siku za nyuma, uzalishaji wake ulishuka. Mwaka 2016 Cohen na wenzake wakaleta jambo lililonifanya niweke kikombe cha chai chini. Walihesabu mabaki ya samaki kwenye matope. Yanaanza kupungua tangu katikati ya karne ya 19, sambamba na joto kupanda. Katikati ya karne ya 19! Meli za uvuvi mkubwa zilikuwa bado karibu miaka mia moja mbele. Hakuna taa ya sola, hakuna karabai, hakuna nyavu za nailoni. Watu waliovua Ujiji enzi zile, wakati misafara inapita kwenda pwani, hawangeweza kulitikisa ziwa zima kwa mitumbwi ya kuchonga.

Utafiti huo ulitoa na takwimu nyingine ambayo kwangu inatisha kuliko ya dagaa. Kwa kulinganisha na vipimo vya Wabelgiji vya mwaka 1946, kwenye maeneo waliyochunguza, sakafu ya ziwa yenye oksijeni ilikuwa imepungua kwa asilimia 38. Yaani ule mpaka wa maji yasiyo na hewa unapanda. Samaki wa mawe, wale wenye rangi wanaopelekwa Ulaya kuwekwa kwenye matangi ya kioo, na konokono wasiopatikana popote duniani isipokuwa hapa, wanaishi kwenye ukanda huo mwembamba wa ufukweni. Nyumba yao inaliwa kutoka chini. Hakuna anayelalamika kwa niaba yao mwaloni maana hakuna anayewala.

Basi mjomba, jibu langu ni hili. Jua limeanza kabla yako. Ulichokuwa unakihisi kwamba kuna kitu kikubwa kuliko wavu wako ni kweli, na yeyote anayesimama kwenye mkutano na kukwambia tatizo ni nyavu tu anakupa nusu ya habari. Na tena joto lenyewe hukulileta wewe. Moshi wa mitumbwi yote ya Kigoma kwa miaka hamsini sidhani kama unafikia wa jiji moja la wenye viwanda.

Lakini usishangilie, maana nina nusu nyingine. Mwaka 1995 wavuvi wa ziwa zima walihesabiwa wakawa zaidi ya 40,000 na samaki waliovuliwa mwaka huo walikadiriwa kufika karibu tani 200,000. Mwaka 2011 wavuvi walikuwa karibu 95,000. Mshahara wa nyumba umepunguzwa na watoto wameongezeka zaidi ya mara mbili. Katika nyumba kama hiyo, kubishana kama unga umeisha kwa sababu ya mshahara au kwa sababu ya watoto ni kupoteza jioni. Joto linapunguza kiasi ambacho ziwa linaweza kutoa kwa mwaka, kwa hiyo uvuvi ule ule ambao zamani ulikuwa wa kawaida leo unakuwa wa kupita kiasi bila mtu kuongeza hata wavu mmoja. Sisi tumeongeza nyavu, na tumepunguza matundu yake juu.

Kwa hiyo mimi, japo mama mdogo atanuna akisikia, naiunga mkono ile miezi mitatu. Angalia na tarehe zake. Mei 15 hadi Agosti 15 ni wakati ule ule ambao upepo unafungua stoo ya chini. Dagaa anakua haraka, ndani ya miezi michache ameshakomaa na kutaga. Ukimwachia msimu ambao chakula kinapanda, anaweza kulipa.

Ninachogombana nacho ni namna mzigo ulivyogawanywa. Mama mdogo hakuwa na shughuli nyingine miezi ile. Aliuza mawese kidogo, akauza muhogo, akakopa. Mdogo wangu alikwenda kuponda kokoto kwa mtu na malipo yakachelewa. Kama sehemu kubwa ya hasara inatoka kwenye joto lililopikwa na wengine, basi zile fedha za tabianchi zinazotajwa kila mwaka kwenye mikutano ya kimataifa zilitakiwa zifike hasa kwa mwanamke kama huyu, katika miezi hiyo mitatu. Nimewauliza wanawake wa kichanja, pale wanapoanika dagaa, kama kuna aliyewahi kuziona. Walicheka.

Na jingine. Vipimo vipo. TAFIRI wana kituo chao Kigoma, wana watu wanaojua kuzamisha kipimajoto meta 100 na kusoma oksijeni. Kwa nini mvuvi asijue? Bei ya petroli anaijua kila asubuhi. Matokeo ya mpira anayajua kabla hayajatangazwa. Joto la maji anayovulia, kina ambacho hewa inaishia, kama upepo wa mwaka huu umekoroga vizuri au umekuwa mvivu, hivyo vyote viko kwenye makala za Kiingereza ambazo hata mimi nilizisoma kwa kamusi. Ubao mmoja tu mwaloni Katonga, mwingine Kibirizi, chaki, mtu wa kuandika mara moja kwa mwezi. Wavuvi hawa wanasoma nyota, mwezi, mawingu na rangi ya maji. Namba tatu haziwashindi.

Maana kuna jambo moja linalonikosesha raha. Mwaka 2021, na tena 2024, maji ya ziwa yalipanda sana, yakaingia kwenye nyumba za watu Bujumbura na Uvira, na kwetu yakala ufukwe. Watu wengi nilioongea nao walifurahi kidogo kichini chini: ziwa limejaa, samaki watarudi. Ni mawazo ya kawaida kabisa, maji mengi samaki wengi. Lakini kina kuongezeka kwa meta moja au mbili juu ya ziwa la meta 1,470 hakuchanganyi maji ya chini na ya juu. Na maji yanayong'aa, yale ya kupigia picha, mara nyingi ni maji yenye mwani kidogo, maana yake ni maji yenye njaa. Hili hakuna aliyewaeleza.

Mjomba nimemsomea haya yote kwa simu, kwa vipande vipande maana salio lilikatika mara mbili. Alinyamaza muda. Halafu akauliza kama huyo Stappers aliacha daftari lake wapi, na kama kuna mtu anayepima pale pale alipopima yeye. Nikamwambia sehemu nyingine wanapima, ndivyo walivyojua. Akasema basi Agosti, wakishapima, niwaulize kule meta 100 kumekuwaje mwaka huu, nimpigie kabla hawajashusha mitumbwi.